Hai, imelala, imekufa: somo la volkano linalowaacha watu wa Themi njiani

Masika iliyopita tulialikwa kuzungumza na wanafunzi wa darasa la sita katika shule moja ya msingi hapa Arusha. Tulibeba ramani, mawe ya aina tatu, na kompyuta ambayo ilizimika umeme ulipokatika. Mwishoni, kwenye maswali, mtoto mmoja wa kike akanyoosha mkono. Kwao ni bondeni, jirani na Mto Themi. Akauliza: "Dada, Mlima Meru utalipuka lini?"

Nikamjibu haraka haraka: "Usiogope, Meru umelala." Darasa likacheka, tukapiga picha ya pamoja, tukaondoka.

Jibu lile limenikaa kooni mpaka leo. Sikusema uongo, ndivyo nilivyofundishwa mimi, na wewe pengine hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba nilimpa jibu la mtihani mtoto aliyekuwa anauliza kuhusu nyumbani kwao. Kwa hiyo leo nakosoa somo zima lililolizaa jibu hilo, na naanza na mimi mwenyewe niliyelirudia bila kufikiri.

Jedwali la safu tatu

Kama ulisoma Tanzania unalikumbuka. Kipindi cha jiografia, ubao, chaki, na jedwali la safu tatu. Volkano hai: Ol Doinyo Lengai. Volkano iliyolala: Kilimanjaro na Meru. Volkano iliyokufa: hapo kila mwalimu alikuwa na orodha yake, wa kwetu alitaja Ngorongoro na Hanang. Unakariri, unaandika, unapata alama zako, maisha yanaendelea.

Simlaumu mwalimu. Mwenye wanafunzi 80 na kipindi cha dakika 40 lazima atafute njia ya mkato, na jedwali ni njia nzuri ya kuanzia. Lakini ni jedwali la mtu anayeutazama mlima kwa mbali, kama picha kwenye kalenda. Sisi tunaokaa chini yake tuna mahitaji mengine. Kutoka katikati ya mji mpaka kilele cha Meru ni kama kilomita 15 tu kwa mstari ulionyooka. Asubuhi mawingu yakifunguka, ukiwa kwenye daladala ya Njiro, mlima umekujaa dirishani.

Halafu kuna hayo maneno yenyewe, ambayo tumeyaazima kwenye mwili wa binadamu. Mtu aliyelala tunajua ataamka asubuhi, aliyekufa tunamzika na habari yake inaisha. Mlima hauna asubuhi wala kaburi. Ukisikia "umelala" moyo unatulia, na ukishatulia huulizi tena.

Usingizi wa dakika ishirini

Hebu tufanye hesabu ndogo. Kama miaka 8,000 iliyopita ubavu wa mashariki wa Meru ulimeguka. Vifusi viliporomoka kuelekea upande wa Kilimanjaro na kutapakaa kwenye eneo kubwa sana. Ukienda Hifadhi ya Taifa ya Arusha utayaona haya kwa macho yako. Mlima umebaki kama bakuli lililovunjika upande mmoja. Vile vilima vidogo vidogo vya Momella ni vifusi vya tukio lile, na maziwa yale yenye heroe ni maji yaliyotuama katikati yake.

Ndani ya bakuli kikaota kilima kipya cha majivu. Ndicho kilichotoa jivu mara ya mwisho mwaka 1910, enzi za Mjerumani. Halikuwa jingi, lakini lilitoka.

Sasa chukua hiyo miaka 8,000 uifanye siku moja ya saa 24. Kila saa inakuwa na miaka kama 333. Kutoka 1910 mpaka leo ni miaka mia moja na kidogo, yaani kama dakika 20. Mtu aliyekohoa dakika 20 zilizopita, wewe utaapa kwamba yuko usingizini?

Ndiyo maana wanajiolojia wengi siku hizi hawaridhiki na mgawanyo ule. Wanauliza kama volkano imewahi kulipuka ndani ya takriban miaka 11,700 iliyopita, tangu enzi ya mwisho ya barafu ilipoisha. Kama imewahi, inawekwa kwenye orodha ya zile za kuangaliwa. Meru umo, Lengai umo, Kilimanjaro umo.

Hata neno "hai" lenyewe linaficha mambo. Lengai hutumia miaka mingi ukitiririsha lava ya ajabu, nyeusi, nyepesi kama maji ya tope, yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 tu za Selsiasi wakati lava za kawaida hufika 1,000 na zaidi. Watalii hupanda usiku kwenda kuichungulia. Lakini mlima huo huo ulilipuka kwa nguvu mwaka 1917, 1940, 1966, na tena Septemba 2007, ukarusha majivu juu angani kwa miezi kadhaa na kufunika malisho ya wafugaji walio chini yake. Lava ya kutazamwa na watalii na mlipuko wa kuhamisha watu na mifugo vimewekwa safu moja ya jedwali. Sasa mfugaji wa Engaresero lilimsaidia nini neno "hai"?

Mfu aliyeua

Kama hesabu haijakushawishi, twende Hanang.

Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang na kuingia Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Mitandaoni ikaenea kwamba volkano imelipuka. Wataalamu wakaenda, wakachunguza, wakarudi na jibu: hakuna volkano iliyolipuka. Mvua ilikuwa imenyesha sana, sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ikanyonya maji mpaka ikashindwa kujishikilia, ikameguka.

Jibu hilo ni sahihi kabisa kisayansi. Lakini nakumbuka jinsi lilivyopokelewa mtaani. Watu wakashusha pumzi: "Aa, kumbe siyo volkano." Yaani kama siyo mlipuko, basi ni bahati mbaya tu, ni mvua, yamepita.

Hapo ndipo jedwali linapotuangusha vibaya zaidi. Hanang ni volkano, na tope lile lilitoka kwenye mwili wa volkano: miteremko mikali iliyojengwa kwa majivu na lava, miamba iliyooza taratibu ikawa udongo laini. Ndiyo sababu hiyo hiyo inayoyafanya mashamba ya miguuni mwa milima hii yawe na rutuba, na sisi tukayafuata. Volkano "iliyokufa" iliua bila kuamka. Somo letu lina swali moja tu, "italipuka au haitalipuka?", na kwa swali hilo Hanang haikuwa na hatari yoyote.

Sasa rudi Themi. Mto Themi unaanzia kwenye miteremko ya Meru, unapita katikati ya jiji, kisha unaendelea kuelekea kusini. Naura, Ngarenaro na Burka nayo ni watoto wa mlima huo huo. Ukisoma ramani ya jiolojia ya eneo letu utaona kwamba sehemu kubwa ya ardhi tunayojengea ni majivu na tope lililowahi kushuka kutoka huko juu. Tope la namna hiyo wataalamu huliita lahari, neno la Kijava kutoka Indonesia. Unapochimba msingi wa nyumba na kukuta mawe ya ukubwa tofauti yamechanganyika na udongo kama kande, inawezekana kabisa unachimba lahari ya zamani.

Lahari huwa haitapakai ovyo, inafuata mabonde. Mwaka 1985 volkano ya Nevado del Ruiz, Colombia, ilitoa mlipuko ambao kwa vipimo vya volkano ulikuwa mdogo. Uliyeyusha barafu ya kileleni, tope likashuka mitoni, na mji wa Armero, kilomita zaidi ya 70 kutoka kileleni kwa kufuata mto, ukafunikwa usiku. Watu zaidi ya 20,000 walikufa. Ramani iliyoonyesha kwamba Armero uko njiani ilikuwa imechorwa wiki chache tu kabla.

Utaniambia Meru hauna barafu ya kutosha kuyeyuka. Kweli. Lakini tuna masika. Jivu likilala kwenye mteremko mkali halafu mvua za mwezi wa nne zikalikuta, halihitaji barafu. Na makorongo yetu hata bila jivu tumeshaona yanachoweza kufanya. Aprili 12, 2024, huko Sinoni, hapa hapa jijini, maji ya korongo yalisomba gari lililobeba wanafunzi. Watoto walikufa wakienda shule.

Swali la kata

Kosa lingine la jedwali ni kuuchukulia mlima kama kitu kimoja chenye jibu moja kwa watu wote. Meru hauko hivyo. Bakuli lake limefunguka mashariki, kwa hiyo kitu kizito kitakachotoka kwenye kile kilima cha majivu kina njia rahisi kuelekea Momella na Ngarenanyuki. Upande wetu wa kusini tuna ukuta wa mlima unaotukinga kwa sehemu. Jivu lenyewe hufuata upepo, na pepo zetu nyingi huvuma kutoka mashariki, kwa hiyo watu wa Ngaramtoni na Kisongo wana la kufikiria ambalo wa Ngarenanyuki hana.

Na sisi wa Themi? Sisi tuna mto, na tuna mabati. Jivu la volkano ni unga wa mawe na kioo, tofauti kabisa na jivu la kuni, na likilowa linakuwa zito mno. Jivu bichi la kina cha sentimita 10 linaweza kuwa na kilo 100 hadi 200 kwa kila mita moja ya mraba. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Piga picha mifuko miwili hadi minne ya saruji kwenye kila mita ya bati lako, halafu mwite fundi umuulize kama kenchi zitahimili. Kama unakinga maji ya mvua, mfereji ule ule utaingiza jivu kwenye tenki. Dawa ni rahisi: chomoa bomba la kuingizia maji, funika tenki, na ufagie bati kabla ya mvua, kidogo kidogo, ukiwa umefunga kitambaa puani. Ni maarifa ya dakika tano. Mimi nimesoma jiografia kuanzia msingi mpaka chuo kikuu na sikuwahi kufundishwa darasani.

Namba ile ile, maafa tofauti

Matetemeko nayo tunayasoma kwa mtindo huo huo wa kukariri. Tunauliza lilikuwa kubwa kiasi gani, tunapewa namba, tunaridhika.

Tazama namba hizi mbili. Julai 17, 2007, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga eneo la Gelai, karibu na Ziwa Natron. Lilisikika Arusha, na Nairobi watu walikimbia kutoka maofisini. Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9, namba ile ile, lilipiga Kagera. Bukoba na vijiji vyake walikufa watu wasiopungua 17, mamia wakajeruhiwa, na nyumba nyingi zikaanguka au kupasuka.

Kina na aina ya ardhi vina mchango wao, sawa. Lakini tofauti kubwa ilikuwa juu ya ardhi: Gelai ni nchi ya wafugaji wachache na maboma mepesi, Kagera ni nchi ya watu wengi na nyumba za matofali, nyingine zisizo na nondo wala mkanda wa zege wa kufunga kuta pamoja. Kwa hiyo unapokata kona kwenye nondo kwa sababu "Arusha hakuna matetemeko makubwa", jua umeshachagua upande wa hesabu hiyo. Tetemeko halitabiriki, hakuna mtu duniani anayeweza kukupa siku na saa yake. Kinachobaki mikononi mwetu ni ukuta.

Volkano ina nafuu kidogo hapo. Magma inapopanda, mara nyingi inatikisa ardhi kwa mitetemo midogo midogo, inauvimbisha mlima kwa milimita au sentimita, inabadilisha gesi zinazotoka. Pinatubo kule Ufilipino ulikuwa kimya kwa kama miaka 500. Mwaka 1991 ulianza kutoa dalili mwezi wa nne, watu wakapima, wakatangaza, wakahamisha makumi ya maelfu, na ulipolipuka kwa nguvu zote Juni 15 maisha mengi mno yalikuwa yameshaokolewa. Ukimya wa miaka 500 haukuwadanganya kwa sababu walikuwa wanasikiliza vyombo.

Mlima ulio kwenye kikombe

Na huku tunabishana kama Meru umelala, mlima unaendelea na kazi. Miamba yake ina floraidi nyingi, maji yanapopita humo yanaibeba. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Chemchemi na visima vingi kuzunguka Meru vinazidi hapo, vingine kwa mbali sana. Ndiyo yale meno ya kahawia ambayo watu wa Arusha tunataniwa nayo tukienda Dar. Kwa watoto wanaokunywa maji yenye floraidi nyingi sana, kama ilivyoonekana upande wa Ngarenanyuki, hata mifupa ya miguu hupinda.

Floraidi haina rangi, haina harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Kinyume chake, ukichemsha maji yakapungua, iliyobaki inakolea. Huko Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kilichofanya kazi miaka mingi ya kuichuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Na magadi yale unayoweka kwenye kande ili mahindi yaive upesi, nayo mengine yana floraidi. Hii ni hatari ya volkano pia, inayokuja kwa vikombe. Jedwali letu haliioni.

"Mtawatisha watoto"

Rafiki yangu mmoja, mwalimu, alinisikiliza mpaka hapa akasema: "Sawa dada, lakini mtoto wa miaka 12 ukimwambia yote haya hatalala." Ni hoja ya haki. Tena wazazi wake hawawezi kuhama kesho. Kiwanja cha bondeni ndicho walichoweza kununua.

Namjibu kwa mfano wa Goma. Goma iko kilomita zisizozidi 20 kutoka Nyiragongo, karibu sawa na sisi na Meru, na watu wake wanazungumza Kiswahili kama sisi. Lava iliingia katikati ya mji Januari 2002. Baada ya hapo wakaishi na ngazi za tahadhari kwa rangi: kijani, njano, chungwa, nyekundu. Mtoto wa Goma anajua kwamba hali ya mlima inabadilika na kwamba kuna mtu kazi yake ni kuifuatilia. Mei 22, 2021, lava ilitoka tena bila onyo. Wakati huo kituo chao cha uangalizi kilikuwa kimepungukiwa fedha za kuendeshea kazi. Watu zaidi ya 30 walikufa. Siku chache baadaye laki kadhaa za watu waliambiwa wahame, wakatembea kuelekea Sake na Rwanda.

Naichukua Goma kwa pande zote mbili. Rangi zinaweza kufundishwa kwa mtoto bila kumharibia usingizi. Na rangi bila vyombo na mishahara ni rangi tu. Kwetu hapa, Lengai umewekewa vyombo vya setilaiti vinavyopima jinsi ardhi inavyosogea, kazi inayoshirikisha Chuo Kikuu Ardhi, na mwaka 2014 wanajiolojia wa Uingereza na Tanzania walitoa ripoti nzima kuhusu hatari za volkano nchini mwetu. Iko kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, kwenye ubao wa matangazo wa mtaa, mimi sijawahi kukuta hata ukurasa mmoja. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 na kamati zake. Kamati haiwezi kujiandaa kwa jambo ambalo wajumbe wake walifundishwa kuwa limelala.

Jibu ninalodaiwa

Lile jedwali silitupi. Naliomba safu nyingine: mlima huu umewahi kufanya nini, vitu vyake hupita njia gani, nani anakaa kwenye njia hizo, na nani atatuambia mambo yakianza kubadilika. Mwalimu wa Themi anaweza kulifundisha hilo kwa matembezi ya saa moja kando ya mto, bila kompyuta.

Na yule mtoto namdai radhi. Tukialikwa tena, nitamwambia hivi: "Mdogo wangu, hakuna anayejua tarehe, na anayekutajia tarehe anakudanganya. Meru ulitoa jivu mara ya mwisho mwaka 1910, na siku moja unaweza kutoa tena. Kabla ya hapo, pengine mlima utaanza kutetema kidogo kidogo, na kazi ya watu kama mimi ni kusikiliza na kukuambia mapema. Kazi yako wewe ni hii: mvua kubwa ikinyesha usiku, au mto ukibadilika ghafla ukawa mzito na wenye kelele, au maji yakapungua ghafla huku juu mvua inanyesha, waamshe nyumbani, mpande juu. Msisubiri kuona."

Halafu nitamuuliza: kwenu, juu ni wapi? Nataka wewe pia msomaji ulijibu hilo leo, kabla hujalala. Toka nje, tazama korongo lililo karibu nawe, kisha tazama njia ambayo bibi na mtoto mdogo wanaweza kuipanda gizani. Kama haipo, hiyo ndiyo ajenda ya mkutano wa mtaa unaofuata.